NANI ATAWAFUNDISHA FIZIKIA WATOTO WETU?

Ukiingia katika shule nyingi za sekondari za kata, ukauliza nani anafundisha fizikia, aghalabu utapata jibu moja kati ya matatu. Utaambiwa yuko mwalimu mmoja, naye ana vidato vyote vinne, na hisabati juu yake. Au utaambiwa alikuwapo, lakini amehama. Au utaonyeshwa kijana wa kujitolea aliyemaliza Kidato cha Sita, ambaye wazazi humchangia posho kila mwezi ili asikate tamaa akaenda zake mjini. Majibu hayo wanachama wetu wanayajua vema, maana ni wao wanaokaa katika bodi za shule na mabaraza ya kata. Na wafanyakazi wanayajua zaidi, kwa kuwa ni watoto wao wanaorudi nyumbani jioni na daftari lisilo na neno jipya tangu wiki iliyopita.

Upungufu wa idadi umesemwa sana, na haujaisha. Leo twapenda kuitazama habari hii kwa upande ambao hautazamwi mara nyingi. Kijana ametoka Chuo Kikuu na shahada yake mkononi, amefaulu mitihani ya fizikia. Je, amekwisha kuwa mwalimu wa fizikia? Na kama bado, ni nani mwenye wajibu wa kumfanya awe, wapi, na kwa muda gani?

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu chetu kilianza katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na Kitivo cha Sayansi kikafunguliwa mwaka 1965. Katika miaka hiyo fizikia ya sekondari ilifundishwa kwa kiasi kikubwa na wageni, wengi wao Waingereza na Wamarekani walioletwa kwa mikataba ya miaka michache. Walifanya kazi yao, na wengine waliifanya vizuri, lakini taifa haliwezi kuazima walimu daima. Ndiyo maana mapema kabisa ikaamuliwa kwamba mwanafunzi wa shahada aweze kusoma sayansi na ualimu kwa pamoja, ili akimaliza aende moja kwa moja darasani. Njia hiyo ipo mpaka leo. Iko na njia ya pili, ya yule aliyesoma fizikia tupu, au hata uhandisi, kisha akarudi kuchukua stashahada ya uzamili ya ualimu.

Kwa muda mrefu mpango huo ulitosha, kwa kuwa shule zilikuwa chache. Mambo yalibadilika mwaka 2004 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Kila kata ikataka shule yake, na wananchi wakafyatua matofali kwa mikono yao. Chama kinayo haki ya kujivunia jambo hilo. Watoto wa wakulima ambao zamani wangeishia Darasa la Saba waliingia Kidato cha Kwanza kwa makundi. Na tangu mwaka 2016, elimu ilipoanza kutolewa bila ada hadi Kidato cha Nne, makundi hayo yamezidi. Walakini tofali hufyatuliwa kwa siku moja na kukauka kwa wiki kadhaa. Mwalimu hafyatuliwi namna hiyo.

Tulijaribu kumfyatua. Wasomaji wetu watakumbuka wale vijana wa Kidato cha Sita waliopewa mafunzo ya wiki chache tu, wakapewa leseni, wakapelekwa kufundisha. Watu wakawabandika jina la “voda fasta”. Hatukupenda jina hilo wakati ule na hatulipendi sasa, maana kosa halikuwa la vijana. Walikwenda walikotumwa, wengi wao mahali ambapo wenye shahada walikataa kwenda, na wako waliojiendeleza baadaye wakawa walimu hodari. Lakini mtu aliyesoma fizikia kwa kukariri, akapewa wiki nne za ualimu, atafundisha kukariri. Hana kitu kingine cha kutoa. Kisha likaja jaribio la stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma, ambalo mwaka 2016 lilikatishwa ghafula, na wanafunzi zaidi ya 7,000 wakaambiwa wafungashe warudi makwao, kisha wengine wakahamishiwa vyuo vya ualimu. Hatutaki kuifufua mabishano ya wakati ule. Twasema tu kwamba njia za mkato katika jambo hili tumekwisha kuzipita, na tunajua zinafika wapi.

Nchi zenye mali nyingi kuliko sisi nazo zina njaa ya walimu wa fizikia. Uingereza huwalipa wahitimu wa fizikia fedha nzuri ili wakubali tu kusomea ualimu. Haya hatuyasemi ili tujifariji. Yatuonyesha kwamba mwenye fizikia hutafutwa na wengi: kiwanda, simu, benki, mgodi. Akikubali kushika chaki amekataa mengine, na yafaa apokewe kama mtu aliyechagua, asipokewe kama mtu aliyekosa pa kwenda.

Sasa tuingie darasani.

Wako Watanzania wachache ambao majina yao yanatajwa katika vitabu vya fizikia vya dunia nzima, na mmoja wao alipata jina hilo akiwa mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, huyachanganya na sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyatia katika jokofu. Siku moja nafasi ya jokofu ilikuwa ikigombewa. Mpemba akaona akingoja maziwa yapoe atakosa nafasi, akayatia yakiwa moto. Aliporudi kuyatazama, yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyetia maziwa yasiyochemshwa bado yalikuwa uji.

Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia imekuwaje. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kuendelea na masomo ya juu, wakawa wanajifunza kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akashikilia kwamba haiwezekani, na mwishowe akamfanyia mzaha mbele ya darasa, kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si ile ya ulimwengu. Tangu siku hiyo wenzake wakawa wakimcheka kila alipokosea kitu. Hakunyamaza. Alipata mwanya wa kutumia jokofu la maabara ya biolojia, akajaribu mwenyewe kwa maji. Kisha akaja shuleni mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kutoa mhadhara. Wakati wa maswali Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vilivyo sawa, vyenye maji kiasi kilekile, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, ukavitia katika jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake wakacheka. Walimu wakaona haya. Osborne hakusema ndiyo wala siyo. Alimwuliza kama kweli amelijaribu jambo hilo, akasikia kwamba amelijaribu, akaahidi kwamba yeye naye atalijaribu. Huko Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akarudi na habari kwamba kweli maji ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kwa uaminifu kabisa kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 mwanafunzi na mhadhiri waliandika makala pamoja katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, na tangu hapo jambo hilo likaitwa kwa jina la Mpemba.

Wanasayansi hawajakubaliana mpaka leo kuhusu sababu yake, na wako wanaotilia shaka kama hutokea kweli kila vipimo vikichukuliwa kwa uangalifu. Hilo halipunguzi neno tunalotaka kulisema. Wale walimu wawili wa kwanza walijua fizikia. Kanuni ya Newton waliyoifundisha ilikuwa kanuni ya kweli. Walichokosa ni kujua la kufanya pindi mtoto anapoleta kitu alichokiona kwa macho yake, nacho hakilingani na kitabu. Osborne naye hakulijua jibu. Alijua kusema: tujaribu tuone. Tofauti hiyo haipatikani kwa kusoma fizikia zaidi. Hupatikana kwa kufunzwa ualimu wa fizikia, na ualimu wa fizikia ni kitu mbali na ualimu kwa jumla.

(Na Mkwawa hiyohiyo, tangu mwaka 2005, ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, na kazi yake kubwa ni kufunza walimu, kama kile cha Chang'ombe kilichoanza mwaka huohuo. Twatumaini kisa cha Mpemba hufundishwa hapo katika juma la kwanza.)

Tuchukue mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wetu. Hamali wa bandarini amebeba gunia la kilo 50 begani, amesimama anangoja lori. Jasho lamtiririka. Mwalimu aliyetoka chuoni juzi atasema darasani, kwa Kiingereza, kwamba mtu huyo hafanyi kazi yoyote. Kisha atakwenda kwenye mlinganyo. Mtoto wa hamali aliyeketi dawati la nyuma amekwisha kuona kwamba somo hili ni la watu wasiomjua baba yake.

Mwalimu aliyefunzwa atajua kwamba hapa pana shimo, na kwamba limechimbwa na lugha. Sisi twasema “kazi” kwa kila jambo linalochosha. Fizikia imelichukua neno hilo ikalipa maana nyembamba: kani imesukuma kitu, na kitu kimesogea kuelekea upande wa ile kani. Hamali alipoliinua gunia kutoka chini hadi begani, mita moja na nusu, alifanya kazi ya jouli 750 hivi. Aliposimama nalo, gunia halikupanda tena, basi hakuliongezea kitu. Mbona anachoka? Ni kwa sababu misuli yake inakaza na kulegea ndani kwa ndani wakati wote, inakula chakula alichokila asubuhi na kukigeuza joto. Mtoto akielezwa hivyo hatadharau jasho la baba yake, wala hatakosa swali katika mtihani.

Na “nguvu” je? Kwa mazungumzo ya kila siku neno hilo moja twalitumia kwa vitu ambavyo fizikia huvitenga: kani, nishati, na kiasi cha kazi kwa kila sekunde. “Uzito” vilevile. Dukani twasema uzito wa sukari ni kilo mbili, hali fizikia yasema kilo mbili ni tungamo, na uzito wake ni nyutoni 20 hivi, na kwamba sukari hiyohiyo ikipelekwa mwezini uzito ungekuwa sehemu moja ya sita tu, bila kupungua chembe. Wataalamu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili walifanya kazi ya kuyapanga maneno haya, wakatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Twajiuliza ni wahitimu wangapi wa ualimu wa fizikia waliowahi kuishika kamusi hiyo mkononi. Lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na hatutaki kuamua ugomvi huo hapa. Lakini mtoto aja na Kiswahili chake kichwani, na asiyekijua kilichomo kichwani humo atajenga juu ya mchanga.

Tena kuna umeme. Siku hizi nyumba nyingi hununua umeme kwa LUKU, na ukiisha twasema umekwisha, kama mafuta ya taa yanavyokwisha katika kibuyu. Mtoto akiletewa betri na balbu mbili zilizofuatana katika waya mmoja, atakwambia balbu ya kwanza itawaka zaidi kwa kuwa inaula umeme mwanzo, ya pili hupata makombo. Kumbe mkondo ni uleule kabla na baada ya kila balbu. Kinachotumika ni nishati, nayo ndiyo inayohesabiwa na mita, yuniti moja ikiwa ni kilowati moja kwa muda wa saa moja. Watoto wa nchi nyingi hukosea hapohapo, na makosa haya yamechunguzwa na kuandikwa miaka mingi. Mwalimu wa fizikia yapasa ayajue kama mganga anavyozijua dalili za homa, ayangojee, ayaitishe yatoke hadharani, ndipo aunganishe waya wanafunzi waone.

Tukisema aunganishe waya, twasikia sauti zikiuliza: waya uko wapi? Mwezi Novemba mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia. Wananchi walichanga, wengine kwa moyo na wengine kwa kusukumwa, na majengo mengi yakasimama. Wasomaji wetu wajua kwamba yako yaliyobaki bila meza wala vifaa, na yako yaliyogeuka madarasa au ghala la mahindi. Vifaa lazima vinunuliwe, na halmashauri zisijifiche nyuma ya maneno yetu yanayofuata.

Maana ni kweli pia kwamba mwalimu aliyefunzwa vizuri hangojei sanduku kutoka ng'ambo. Jiwe na uzi wa mita moja hutosha kumwonyesha mtoto mwendo wa timazi: litakwenda na kurudi kwa sekunde mbili, ukilivuta kidogo au kidogo zaidi, ukitaka lichukue sekunde moja, uzi haukatwi nusu, hukatwa robo. Hilo la robo humshangaza kila mtoto, na katika mshangao huo sheria hukaa. Sarafu ndani ya bakuli, ambayo haionekani mpaka umimine maji, hufundisha kupindika kwa mwanga, jambo ambalo mvuvi wa mkuki amelijua siku zote, ndiyo maana hulenga chini ya pale anapomwona samaki. Baadhi yetu katika ofisi hii tulisoma shule ya misheni ambako kanuni ya Archimedes ilisemwa kwa pamoja kwa sauti kama katekisimu, na hapana hata jiwe moja lililotiwa majini. Tunaikumbuka mpaka leo neno kwa neno. Kuielewa tulikuja kuielewa baadaye, katika ngalawa.

Basi ni wapi kijana wa shahada atajifunza haya? Katika kitivo cha sayansi hufundishwa fizikia ya juu, na hiyo ni haki, hatutaki ipunguzwe. Katika kitivo cha elimu hufundishwa saikolojia ya mtoto, falsafa ya elimu na upimaji. Kati ya nyumba hizi mbili ndipo penye ule ufundi tulioueleza, na sehemu ya katikati ya nyumba mbili aghalabu haifagiliwi na mtu. Hata katika mazoezi ya kufundisha, ikiwa mkufunzi anayekuja kumtazama kijana ni bingwa wa historia, atapima sauti, mwandiko wa ubaoni, na andalio la somo. Lakini balbu ya kwanza na ya pili hatazitambua.

Huko Marekani, tangu mwaka 2001, chama cha wanafizikia na chama cha walimu wa fizikia wana mpango ambao ndani yake idara za fizikia za vyuo vikuu hukubali kwamba kufunza walimu ni kazi yao wenyewe, si ya jirani. Jambo moja katika mpango huo latupendeza sana: mwalimu mkongwe wa sekondari hutolewa shuleni kwake, akaletwa idarani kwa mwaka mmoja hivi, akakaa na vijana wanaojiandaa kufundisha. Jambo hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Katika kila mkoa wako walimu wa fizikia wenye miaka 20 na 25 kazini, ambao wahadhiri hawawajui na ambao ujuzi wao unastaafu pamoja nao. Waitwe Mlimani, Chang'ombe, Mkwawa na Dodoma, walipwe vema, na wasiitwe wasaidizi.

Na mwaka wa kwanza kazini ndio wa hatari. Huyu kijana hupelekwa shule ambayo hana mwenzake wa somo lake, hupewa vipindi vyote vya fizikia na vya hisabati, hukabidhiwa ufunguo wa maabara tupu, na jioni hupangiwa zamu. Baada ya miezi sita amekwisha kuwa yule mwalimu wa kuandika ubaoni na kusema nakilini. Shahada yake haikuharibika, imezikwa. Hapa bodi zetu za shule na madiwani wetu wanayo madaraka ya kutosha bila kungoja waraka wa wizara. Walimu wa fizikia wa kata tano au sita za jirani wanaweza kukutanishwa Jumamosi moja kwa mwezi katika ile shule yenye maabara nzuri kuliko nyingine, halmashauri ikalipa nauli na chakula. Mkuu wa shule aweza kumpunguzia mgeni vipindi muhula wa kwanza. Na fundi wa maabara, yule mtu ambaye bajeti humsahau daima, aajiriwe, kwa kuwa mwalimu mwenye vipindi vingi hivyo hana saa ya kupanga vyombo kabla na kuviosha baadaye.

Iko aibu nyingine ya kutajwa. Wahitimu wa ualimu wako mitaani wanangoja ajira, hali shule hazina walimu wa fizikia. Hata kama wengi wa wanaongoja ni wa masomo ya sanaa, hao wa fizikia waliomo wasiachwe katika foleni moja na wengine mpaka wasahau walichosoma. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Treni ya umeme yatoka Dar es Salaam hadi Dodoma tangu mwaka 2024. Watakaoyatunza hayo mwaka 2040 wako Kidato cha Kwanza na cha Pili leo, na kwa miaka mingi desturi yetu imekuwa kwamba mtoto aliyeshindwa kuipenda fizikia katika vidato hivyo viwili huiacha afikapo Kidato cha Tatu. Mwalimu ana miaka miwili tu ya kumpata.

Mabaraza ya madiwani hupanga makadirio ya fedha kila mwaka kabla ya mwezi wa Julai. Wanachama wetu waliomo humo watazame kwanza fungu la nauli za walimu na fungu la fundi wa maabara. Watakuta, tunahofu, kwamba la kwanza ni dogo mno na la pili halipo.